Wimbo wa dakika kumi na saba utalipwa na nani?

Jioni moja nimekaa Jaws Corner, baraza ya kahawa ya Mji Mkongwe wa Zanzibar, na kikombe changu mkononi, akanijia kijana mpiga besi ambaye namjua tangu akimbebea mjomba wake udi kwenda mazoezini. Akanisogezea simu hadi puani. "Ami, hebu nisomee hapa, pengine mimi hesabu zimenipita." Ilikuwa taarifa ya malipo ya wimbo wao mmoja kutoka Spotify, mtandao wa kusikilizia muziki. Wimbo umesikilizwa mara mia sita na kitu ndani ya mwaka. Upande wa fedha pameandikwa sifuri. Hata ya kashata haimo.

Nikamwambia hesabu hazikumpita, ndivyo zilivyo. Alitaka nimweleze palepale, lakini barazani kila ukianza sentensi kuna mtu anabamiza dhumna, basi nikamwahidi kumwandikia. Ndiyo haya.

Bendi yao ina watu watano na inapiga kitu kinachoitwa roki ya progresivu, au progu kwa mkato. Kuna aliyejaribu kunitafsiria "roki endelevu", tukacheka wote, maana kama kuna kitu kinakosekana humo ni huo uendelevu. Ni muziki uliozaliwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960. Albamu ya kwanza ya bendi ya King Crimson ilitoka 1969, na mwaka 1972 bendi ya Yes ilijaza upande mzima wa santuri kwa wimbo mmoja. Nyimbo ni ndefu, zina sehemu nyingi, mapigo hubadilika njiani, na ala hupokezana kama wazee wanaobishana kwa adabu. Mtoto wa Unguja aliyezaliwa 1946 na dunia ikamjua kwa jina la Freddie Mercury hakuwa mtu wa progu hasa, lakini ule wimbo wa bendi yake ya Queen wa 1975, "Bohemian Rhapsody", unaokaribia dakika sita na wenye "Bismillah" katikati umechotwa kwenye kisima hichohicho. (Waongoza watalii wa Mji Mkongwe watakuonyesha nyumba aliyokulia. Ukizunguka na wawili tofauti unaweza kuonyeshwa nyumba mbili.)

Mzanzibari hana sababu ya kuuona muziki huu kuwa wa ajabu. Taarab asilia huanza na bashraf, ala tupu bila ya mwimbaji, kanuni (ile ala ya nyuzi) na fidla na nai na akodiani vikifuatana. Kuna samai, nayo ni ya ala tupu, inayohesabiwa mapigo kumi. Kisha ndipo wimbo unapoingia, beti kwa beti, kila ubeti ukipisha ala zijibu, na robo saa ikishapita hakuna aliyeangalia saa. Mpiga kanuni wa mtaa wa Malindi hapa Unguja ukimwambia kuna Wazungu wanaosifiwa kwa kupiga muziki wa kuhesabu kumi, atakuuliza kwani wao walikuwa wakihesabu ngapi.

Sasa twende kwenye fedha.

Husemwa kwamba mauzo ya muziki yameporomoka. Kwa dunia nzima, hilo ni kweli nusu. Fedha za muziki uliorekodiwa zilifika kileleni mwaka 1999, mwaka uleule Napster ilipoanza kuwafundisha watu kugawana nyimbo bure kwenye intaneti. Zikashuka hadi 2014, zikiwa zimepungua kwa takriban asilimia 40. Toka hapo zimepanda kila mwaka, kwa sababu watu wamezoea kulipia ada ya mwezi na kusikiliza watakacho. Kwa hiyo fedha zimerudi, ila zimerudi kwa mlango mwengine, na mlango huo ni mwembamba kwa mtu mwenye mzigo mrefu.

Hapa kwetu tuliyaona hayo kwa macho. Kulikuwa na kaseti, ukinunua moja inazunguka mtaa mzima mpaka utepe unakatika na kuungwa kwa gamu. Zikaja sidii. Kisha sokoni Darajani pakajaa vijana wenye kompyuta: unampa memori kadi yako, unalipa kidogo, anakujazia nyimbo mia tatu huku anazungumza na mtu mwengine. Mwenye wimbo hakuwa na fungu katika biashara hiyo. Siku hizi hata yule wa Darajani hana kazi, kila mtu anashusha mwenyewe kwenye simu.

Mitandao ya kusikilizia hailipi kwa bei maalumu kila wimbo unapochezwa, ingawa watu hupenda kuizungumza hivyo. Chukua mfano wa sinia ya pilau. Kila msikilizaji analeta ada yake ya mwezi, zote zinamwagwa kwenye sinia moja. Mwenye mtandao anachukua sehemu yake, kama theluthi hivi, na inayobaki inagaiwa kwa idadi ya matonge: wimbo wako ukichezwa mara moja, umehesabiwa tonge moja. Wewe unaweza kuwa umelipa ada yako na mwezi mzima hukusikiliza ila bendi ya huyu kijana, lakini ada yako haiendi kwake yote. Inaingia siniani, na wenye mamilioni ya matonge wanaichota kama wengine wote. Aliyeleta mchele hana haki ya kusema nani ale.

Halafu kuna ukubwa wa tonge. Katika mtandao kama Spotify wimbo huhesabiwa umechezwa ukipita sekunde 30. Ukiwa wa dakika mbili, tonge moja. Ukiwa wa dakika kumi na saba, tonge moja vilevile. Msikilizaji wa nyimbo za dakika tatu akikaa saa moja ametoa matonge 20. Wa progu, katika saa hiyohiyo, ametoa manne, na la nne limemkatikia katikati. Ndiyo maana nyimbo za siku hizi zimekuwa fupi na kiitikio kimesogezwa mbele. Watungaji wamejua kinachohesabiwa ni nini. Mwenye kupiga bashraf ya dakika nne kabla hajafungua kinywa ameshajipunja mwenyewe.

Tuweke namba. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba kuchezwa mara 1,000 huleta dola 3 hadi 5, zikigaiwa tena kati ya wenye haki. Chukua katikati, dola 4. Ili shabiki mmoja alete dola 10, lazima wimbo uchezwe mara 2,500. Mara dakika 17, ni dakika 42,500. Nilipigia hesabu mara mbili kwa kutoamini: ni siku 29 na nusu, usiku na mchana. Ramadhani nzima bila kuzima simu, daku na futari, ili bendi ipate dola kumi.

Na ile sifuri? Tangu 2024 Spotify imeweka sharti kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi kitu. Fungu lake linahamia kwa waliofikisha. Kijana wangu na mara zake mia sita alikuwa hajapiga hodi bado.

Wapo waliojaribu njia nyengine. SoundCloud mwaka 2021 ilianza kuwagaia baadhi ya wasanii kwa kufuata nani amesikilizwa na nani, yaani ada yako iende kwa uliowasikiliza wewe. Ni haki zaidi kwa bendi ndogo. Lakini ada ya mtu mmoja ni ada ya mtu mmoja, haiwezi kulisha watu watano na kulipia nyuzi za besi.

Basi hao wazee wa progu wa Uingereza wameishije? Hadithi ninayoipenda ni ya Marillion, bendi iliyoanzia mji wa Aylesbury mwaka 1979. Miaka ya 1980 walikuwa na jina na kampuni kubwa nyuma yao. Katikati ya miaka ya 1990 kampuni ikaachana nao. Mwaka 1997 wakasema Marekani hawaendi tena kupiga, hasara yake hawaiwezi. Mashabiki wa Kimarekani, bila ya kuombwa, wakafungua akaunti, wakachangishana wenyewe kwa wenyewe kwa kupitia barua pepe, wakafikisha takriban dola 60,000. Bendi ikaenda. Wakati huo mambo haya ya kuchangia mtandaoni hayakuwa na hata jina.

Wao wakaona kitu ambacho kampuni haikukiona: walikuwa na anwani za watu. Walipotaka kutengeneza albamu ya 2001 wakawaandikia mashabiki kuuliza kama wako tayari kununua kitu ambacho hata kurekodiwa bado. Zaidi ya 12,000 wakalipa. Studio ikalipiwa kwa fedha hizo. Albamu ya 2004 wakafanya hivyohivyo, na wale waliotangulia kulipa majina yao yakachapishwa kwenye kitabu kilichofuatana na albamu.

Niliposoma habari ya majina yale nilicheka peke yangu, kwa sababu hayo nimeyaona tangu mdogo, chini ya taa za harusi.

Aliyewahi kukaa kwenye taarab anajua. Mwimbaji yuko ubeti wa tatu. Bibi mmoja aliyekuwa ametulia tuli kwenye kiti chake anainuka. Hendi mbio. Anatengeneza mtandio, anatoka kwa madaha katikati ya viti, noti ameishika juu kwa vidole viwili ili kila mwenye macho aone ni ya elfu ngapi. Anafika mbele, anazunguka kidogo, anaiweka mkononi mwa mwimbaji au anampachika kwenye nguo, kisha anageuka taratibu na kumtazama mtu fulani wa safu ya pili. Mwimbaji anaurudia ubeti uleule. Safu ya pili yote imeshajua nani kaambiwa nini. Na kabla hajarejea kwenye kiti, mwengine ameshainuka na yeye, kwa sababu kimya hakiwezi kuwa jibu.

Huyo bibi alinunua nini? Sauti ingemfikia bure pale alipokaa. Alinunua kuonekana, akanunua ubeti urudiwe kwa ajili yake. Kutunza ni hivyo, na ndivyo alivyofanya yule Mwingereza aliyelipa mapema ili jina lake lichapishwe. Tafauti ni kwamba yeye hakumkata mtu jicho.

Ndiyo sababu mimi sioni kwamba taarab ilikufa kaseti ilipokufa. Kilabu cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri 1928 na jina lake likaenea mwambao mzima, lakini vilabu havikujengwa juu ya santuri. Vilijengwa juu ya wanachama, mazoezi ya jioni, harusi, sikukuu, na safari za nje zilipopatikana. Rekodi ilikuwa barua ya utambulisho. Bendi ya progu yenye busara leo imerudi palepale: wimbo mtandaoni ni wa kumfanya mtu ajue mpo, na fedha iko kwa wachache wanaotaka kuwa karibu. Mashabiki mia tatu wanaotoa dola 30 kila mmoja kwa mwaka ni dola 9,000. Kwa wimbo wetu wa dakika kumi na saba, fedha hizo zingetaka uchezwe mara 2,250,000.

Wa kuwauzia hao mia tatu wapo kina Bandcamp, duka la mtandaoni lililoanza 2008, ambalo hukata asilimia 15 kwa muziki wa kushusha na asilimia 10 kwa vitu vya kushika mkononi, pamoja na gharama za malipo. Mnunuzi anaweza kutoa zaidi ya bei iliyowekwa, na wengi hufanya hivyo, kutunza kuleee. Lakini kabla ya kufungua akaunti yoyote, swali la kwanza liwe fedha zitafikaje hapa na zitakatwa nini njiani. Nimeona mtu ana salio zuri kwenye skrini na nauli ya daladala hana.

Na vitu vya kushika mkononi msiishie kwenye fulana. Fulana ni ya kila bendi. Sisi tuna kanga, na kanga na taarab ni ndugu wa tumbo moja. Chukueni mstari mmoja wa wimbo wenu, uwe ndio jina la kanga, chapisheni kiasi. Shabiki wa Ujerumani ataitundika ukutani. Shangazi yako ataivaa, na mtu atamuuliza jina lake lina maana gani.

Hapa niseme la hatari, kwa sababu kuna walioumia. PledgeMusic ulikuwa mtandao wa kuchangia albamu, uliotumiwa na bendi nyingi za aina hii. Mashabiki wanalipa, mtandao unazishika, bendi inapewa. Mwaka 2019 ukaanguka, na bendi nyingi hazikupata fedha ambazo mashabiki wao walikuwa wameshatoa. Fikiria kijumbe wa upatu anayetoroka zamu yako ikifika. Bendi zikabaki na deni la albamu kwa watu waliokwishalipa, na shabiki hamgombezi kijumbe, anakugombeza wewe. Kwa hiyo anayeshika fedha awe anajulikana, asizishike muda mrefu, na orodha ya majina isikae kwake peke yake. Orodha hiyo ndiyo mali. Wafuasi wa mtandao wa kijamii ni wa mtandao. Ukikufungia akaunti umebaki na gitaa.

Haki nazo zina mafundo mawili ambayo vijana huyachanganya. Kuna haki ya utungaji, yaani tuni na maneno, na kuna haki ya ile rekodi yenyewe. Unaweza kuwa mtunzi na rekodi si yako, kwa sababu aliyelipia studio alikuandikisha karatasi. Robert Fripp wa King Crimson, baada ya kuchoshwa na mambo hayo, alianzisha kampuni yake DGM mwaka 1992 na kuweka kanuni kwamba haki hubaki kwa msanii. Mpaka leo wanauza rekodi za maonyesho ya zamani, usiku baada ya usiku, kwa watu wanaotaka kusikia namna wimbo uleule ulivyopigwa mji mwengine. Kwa hapa, Zanzibar ina ofisi yake ya hakimiliki, COSOZA, iliyotokana na sheria ya 2003, mbali na ile ya Bara. Kasajilini nyimbo zenu kabla hamjagombana, sio baada. Na rekodini kila onyesho, hata kama mpiga ngoma alikosea. Miaka kumi baadaye kosa hilo ndilo watakalolitaka.

Limebaki la hoteli, na hili najua litamkera. Yeye na wenzake hupiga hotelini pwani ya kaskazini, siku nne kwa wiki, nyimbo zilezile ambazo watalii wanazijua kabla hawajapanda ndege. Hoteli moja ilimkalisha miezi miwili bila malipo, kila akiuliza anaambiwa mhasibu yuko Dar. Nami sisemi aache, besi haili hewa. Ila asidhani kwamba kupiga mbele ya wageni mia ni kuwa na wasikilizaji mia. Wale wamekuja kula pweza. Msikilizaji ni aliyekuja kwa ajili yako, hata wakiwa kumi na wawili.

Wenzao wa Ulaya wameligeuza jambo hili vizuri. Marillion toka 2002 huwakusanya mashabiki wao kwa siku kadhaa pahala pamoja, wanapiga kila usiku, watu wanasafiri kutoka nchi mbalimbali. Toka 2013 kuna meli nzima ya kitalii inayosafiri baharini na bendi za progu tu, abiria wote wakiwa wagonjwa wa mapigo ya saba na kumi na moja. Huko watu hulipa nauli na malazi kwa ajili ya muziki. Sisi nauli na malazi tumeshavijenga, kisiwa kizima kimejaa vitanda, na muziki tumeuweka kando ya meza ya saladi. Sauti za Busara imeonyesha tangu 2004 kwamba watu watapanda ndege kuja Ngome Kongwe kusikiliza. Imeonyesha vilevile ugumu wake: mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha. Na chuo cha muziki cha DCMA, kilichowatoa kina Siti Amina na bendi yake, mwaka 2019 kilipiga mbiu kwamba kinaweza kufunga milango. Ufadhili mkubwa wa mtu mmoja ukiondoka, huondoka wote kwa siku moja. Watu mia tatu hawaondoki pamoja.

Nilimsomea haya yote wiki iliyopita, palepale Jaws Corner, kwa sauti ya juu ili nishindane na dhumna. Hakusema kitu mpaka nikamaliza. Akaingiza mkono kwenye mkoba wa besi, akatoa daftari la skuli lenye jalada la samawati. Ndani kuna majina, nambari za simu, na mbele ya kila jina alama ambayo sikuielewa. Yalikuwa arubaini na moja. Onyesho ni Idd Pili, ukumbi mdogo, kanuni itakuwepo na wimbo mrefu utapigwa wote.

"Ami," akasema, kalamu mkononi, "nikuandike mbele au nyuma? Wa mbele anatunza."

Nikamwambia aandike mbele, na anitafutie chenji ya noti kubwa.